Kwa Nini Hatumwoni Mwanaume Mwenye Maradhi ya Ulaji

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana mzaliwa wa Karatu, Tanzania, alitangulia mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500 na hakukamatwa. Alivunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tangu siku hiyo ya Filbert Bayi, vijana wengi wa Karatu na Mbulu wamejua kwamba miguu inaweza kumfikisha mtu mbali na kwao.

Katika mchezo huu wepesi ni mali. Anayekimbia kilomita 42 anaubeba mwili wake mwenyewe, na kila kilo ina gharama yake. Hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni kwamba kijana anayejinyima chakula hadi akaugua husifiwa kuwa ana nidhamu, na wanaomsifu ndio wale wale ambao wangepaswa kumshtukia.

Mwenye anoreksia hupunguza chakula kwa hofu ya kunenepa, na hofu hiyo haiishi hata mbavu zikihesabika. Mwenye bulimia hula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, kisha hujitapisha, humeza dawa za kuharisha, au hufanya mazoezi kupita kiasi ili kufidia alichokula. Sasa, nani atamshangaa mkimbiaji kwa kuwa anakimbia?

Si kweli kwamba haya ni mambo ya wasichana. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton alieleza wagonjwa wawili waliodhoofika kwa kuacha kula, na mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16. Hata hivyo, kwa miaka mingi mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitaja kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo kuwa kigezo kimoja cha anoreksia, hadi kilipoondolewa mwaka 2013. Kigezo hicho hakikumzuia daktari kumtambua mwanaume, ila kilimzoesha kumtafuta mwanamke. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulikuta anoreksia imewapata wanawake 9 na wanaume 3 katika kila watu 1,000 wa jinsia yao. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti wa maradhi ya ulaji Tanzania, na washiriki wake wote walikuwa wa kike.

Ili kuelewa njaa inamfanyia nini mwanaume, sijui mfano ulio wazi kuliko jaribio la mtafiti Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36, vijana wenye afya na akili timamu, walijitolea kula takriban nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito. Chakula kiliteka mazungumzo yao na ndoto zao. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Walisikia baridi wakati wa joto, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, hamu ya mapenzi ikafifia. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula hadi tumbo likauma na bado hawakuhisi kushiba. Hawa hawakuanza wakiwa wagonjwa. Njaa yenyewe ndiyo iliyowageuza. Ndiyo maana kumwambia mtu aliyefika huko "kula tu, jikaze" ni sawa na kutomwambia kitu.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitamka wazi kwamba upungufu wa nishati mwilini unawapata wanariadha wa kiume pia. Chakula kisipolingana na mazoezi, mwili hubana matumizi: homoni ya kiume hushuka, mifupa hupata nyufa. Dalili ambayo mwanaume huiona mapema ni kupungua kwa nguvu za kiume. Huenda kununua dawa ya nguvu, na muuzaji hamuulizi amekula nini wiki nzima.

Hapa pana jambo la kutofautisha. Wapo wakimbiaji wanaokula kidogo kwa sababu hela haitoshi. Hao watibiwe kwa chakula. Mwenye maradhi ya ulaji sahani ipo mbele yake na hawezi, au anaweza kisha anaitapika, na chakula peke yake hakimponyi. Wote wawili, wakikonda, watadhaniwa vidonda vya tumbo, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Vipimo vya maradhi hayo ni lazima. Vikitoka safi, maswali yaendelee.

Upande wa Ngorongoro, kwa mila ya Kimasai morani hali peke yake. Hata maziwa hunywa akiwa na wenzake. Maradhi haya hupenda upweke. Kijana aliyetoka Endulen kwenda kulinda mjini, akipika chumbani kwake, hana tena mwenzake wa kuona alichobakiza. Sisemi mila ni dawa. Lakini tiba iliyokuzwa katika hospitali ya Maudsley, London, kwa vijana wenye anoreksia huanza hapo hapo: familia huketi na mgonjwa mezani na kuisimamia milo yake mpaka apate nguvu.

Aibu nayo haichagui cheo. John Prescott, baharia wa zamani aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza, alificha bulimia kwa miaka mingi hadi alipoitangaza mwaka 2008.

Aliyedhoofika sana asirundikiwe chakula kwa siku moja, kwa kuwa madini ya fosfeti yanaweza kushuka ghafla katika damu na moyo ukashindwa. Aanzishwe polepole hospitalini, damu ikipimwa. Na kocha asitosheke na mapigo ya moyo. Kwa mkimbiaji, moyo unaopiga taratibu huhesabiwa kuwa dalili ya uzima, wakati njaa nayo huupunguza kasi vivyo hivyo. Aulize kuhusu baridi, usingizi, mifupa iliyowahi kupasuka na hamu ya mapenzi, aulize wakiwa wawili tu, na majibu yakimtia shaka ampeleke kwa daktari kabla ya mbio zinazofuata.