Je, Wajua? Maajabu ya Wembe na Kinoo

Je, wajua kwamba unywele wako unaweza kumega chuma? Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walichunguza kwa hadubini wembe ukikata nywele, wakaona vipande vidogo vikibanduka kwenye makali. Chuma cha wembe ni kigumu mara 50 kuliko unywele! Lakini makali yakiwa na mikwaruzo, na unywele ukipinda kidogo tu, chuma ndicho kinachoshindwa.

Makali yenyewe ni membamba kiasi gani? Ukiunoa vizuri wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani unaoingia ndani ya mpini wake, ncha ya makali huwa chini ya maikroni 1. Unywele una maikroni 50 hadi 100. Hebu piga hesabu mwenyewe.

Na wajua kwamba wembe huu huja na kipimo chake cha kunolea? Ni ule mgongo mnene! Ulaze juu ya kinoo, mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, pembe inajipanga yenyewe. Kwenye kinoo makali hutangulia. Kwenye ukanda wa ngozi hutangulia mgongo. Ukisahau, umeuchana ukanda.

Kule Ardennes, Ubelgiji, huchimbwa jiwe la manjano liitwalo coticule. Limejaa ganeti, vito vidogo vya maikroni 5 hadi 15 tu, na hivyo vito ndivyo vinavyokula chuma. Umesikia? Wembe unanolewa kwa vito!

Waroma je? Pliny, aliyefariki mwaka 79, aliandika kuhusu vinoo vya vinyozi vilivyolowanishwa kwa mate ya binadamu, na akavisifu zaidi vile vya Hispania. Ndiyo, mate.

Michael Faraday, bingwa yule wa umeme na sumaku, aliwahi kuyeyusha vyuma vya mchanganyiko, akawazawadia rafiki zake nyembe zilizotokana navyo. Zawadi ya mtu anayejua chuma!

Sasa sogea karibu, maana utamu uko kwenye makali yasiyo sawa. Wajua kwamba makali yaliyobenuka kidogo katikati si kasoro hata kidogo? Unaanza kisiginoni, upande wa mpini, unaubingirisha wembe taratibu hadi nchani, na kila sehemu inapata zamu yake juu ya jiwe. Balaa ni makali yaliyobonyea katikati: pande mbili zinagusa jiwe, katikati panaelea hewani, na hapatapata makali mpaka pande hizo zilike.

Utajuaje panapoelea? Chukua kalamu ya wino mzito, paka makali yote, kisha pitisha wembe mara moja tu kwenye kinoo. Wino uliobaki ndipo jiwe halikufika. Rahisi hivyo!

Kuna wembe uliopinda tangu kiwandani: upande mmoja unalala vizuri, mwingine unacheza. Usiukandamize, tafadhali. Kinoo chembamba huingia pale ambapo kile kipana hakifiki. Halafu utazame mgongo, una siri nyingine: mstari unaong'aa ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, mara nyingi mkono wa mnoaji ulilemea ule upande mpana.

Wajua mwaka 1903 kampuni ya Gillette iliuza mashine 51 tu za kunyolea na nyembe 168 za kutupa? Leo nyembe za kutupa zimejaa kila duka, na vijana wengi hawajawahi kuona wembe ukinolewa.

Na hili usilisahau: jiwe lenyewe hulika! Chora mistari ya penseli juu ya kinoo chako, kisugue kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo. Penseli ikigoma kufutika katikati, jiwe limebonyea. Lisawazishe kwanza, ndipo uushike wembe.