Upinde Mkononi mwa Mtoto: Namna ya Kuufurahia Mchezo na Kulinda Jicho

Mwaka jana babu mmoja alimleta katika kliniki yetu ya macho mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Mtoto huyo alikuwa akicheza na binamu zake nyuma ya nyumba. Walikuwa wamejitengenezea upinde kwa fimbo ya mpera na kamba ya katani, na mishale yao ilikuwa vijiti vya chelewa vilivyochomolewa katika ufagio. Mshale mmoja ulimwingia katika jicho la kushoto. Nyumbani walilikamua jicho, wakaliosha kwa maji ya chumvi, kisha wakalitia matone ya dawa yaliyokuwa yamebaki ndugu yake alipougua. Zikapita siku tatu. Walipofika kwetu, ndani ya jicho kulikuwa na usaha. Tulilishona jeraha na kumpa dawa, lakini uoni wa jicho lile haukurudi.

Siku ya kuruhusiwa, mzee aliniuliza: "Daktari, nikifika nyumbani nizichome pinde zote? Mimi mwenyewe marehemu baba yangu ndiye aliyenifundisha." Nilimjibu: "Usizichome, mzee wangu. Kaa nao wanapocheza." Makala haya ni maelezo ya jibu hilo, ambalo siku ile sikupata nafasi ya kulikamilisha.

Mchezo wenye faida

Kulenga shabaha kwa upinde si mchezo mgeni kwetu. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huwapa watoto wao wa kiume pinde ndogo wakiwa bado wadogo sana, nao hushinda wakilenga shabaha pamoja na wenzao muda mrefu kabla ya kuanza kuwinda na wakubwa. Kwingineko duniani, mchezo huu ulirejeshwa katika Olimpiki mwaka 1972 mjini Munich, na wachezaji hulenga duara lenye kipenyo cha sentimita 122 kutoka umbali wa mita 70.

Sisi matabibu nasi tuna historia yetu katika mchezo huu. Tarehe 29 Julai 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa wagonjwa 16, wanaume na wanawake, waliokuwa wamejeruhiwa vitani na kutumia viti vya magurudumu. Mashindano hayo ndiyo chimbuko la michezo ya Paralimpiki tunayoijua leo.

Kwa mtoto, upinde hufundisha kusimama wima, kuitumia mikono miwili kwa kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, kutuliza pumzi na kungoja zamu. Tena humtoa nje ya nyumba. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje zaidi katika mwanga wa mchana hawapati kwa urahisi tatizo la kushindwa kuona mbali. Kinachosaidia ni ule mwanga wenyewe, lakini mtoto huhitaji sababu ya kuufuata, na upinde ni sababu nzuri.

Kwa nini jicho huumia vibaya

Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa ambalo mdomo wake, kwa mtu mzima, una upana wa takriban sentimita 4. Mpira mkubwa ukimpiga mtu usoni, mifupa ya paji na shavu huupokea kwanza. Kijiti chembamba hakikutani na kizuizi hicho. Hupita moja kwa moja hadi kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ambayo katikati yake ina unene wa takriban nusu milimita tu. Nyuma yake ipo lenzi, na nyuma zaidi retina. Kijiti cha mti huingia pia na udongo, bakteria na kuvu, na ndiyo maana saa za mwanzo baada ya ajali zina thamani kubwa.

Kwa mtoto lipo jambo la ziada. Hadi kufikia umri wa takriban miaka minane, ubongo bado unajifunza kuona. Jicho lisilopeleka picha safi katika umri huo hupuuzwa na ubongo, na huweza kubaki na uoni hafifu hata baada ya kidonda kupona. Hali hiyo huitwa jicho vivu.

Umri, zana na uwanja

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita asipewe mshale wenye ncha, hata iwe butu. Mpe mshale ambao kichwa chake ni tonge laini la sponji au kitambaa, lenye upana usiopungua sentimita 5 na lililofungwa imara, ili lisiweze kuingia katika tundu la jicho wala kuchomoka. Mishale ya plastiki yenye kikombe cha mpira inayouzwa madukani inahitaji tahadhari: kikombe kikitoka, kinachobaki ni kijiti.

Mishale ya kweli ya mazoezi inaweza kuanza mtoto akiwa na miaka saba au minane, lakini umri pekee si kipimo. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukisema "simama" naye yumo katikati ya mchezo unaompendeza, je, husimama papo hapo? Kama bado, na asubiri.

Upinde wa kuanzia uwe mwepesi, wenye uzito wa kuvuta wa ratili 10 hadi 15, yaani takriban kilo 4.5 hadi 7. Mshale uwe mrefu kuliko mvuto wa mkono wa mtoto, kwani mshale mfupi unaweza kurudi nyuma ya upinde na kumchoma mkononi. Avae kinga ya ngozi upande wa ndani wa mkono unaoshika upinde, maana kamba huchapa hapo. Nywele ndefu zifungwe, na mtandio au mkufu uondolewe. Miwani ya kinga yenye lenzi za polikaboneti inafaa kwa kila mtoto, na kwa mtoto mwenye jicho moja linaloona ni lazima.

Shabaha inaweza kuwa gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu, likiwekwa umbali wa mita 5 tu mwanzoni. Nyuma yake pawe na tuta la udongo. Pasiwe na ukuta wa mawe, kwa kuwa hurudisha mshale, wala njia ya wapita njia.

Neno moja kuhusu mishale ya kiwindaji iliyohifadhiwa nyumbani au kununuliwa kama kumbukumbu ya safari: isichezewe kamwe. Baadhi hupakwa sumu, kama ile ya msunguti, ambayo hushambulia moyo, na ukavu wa sumu si dalili kwamba imekwisha nguvu.

Sheria za familia

Viwanjani hutumika filimbi, nayo familia inaweza kuiga. Milio miwili: wachezaji wasogee kwenye mstari. Mlio mmoja: walenge. Milio mitatu: watu waende kuchukua mishale. Milio mitano au zaidi: wote waache mara moja. Mtu mzima mmoja ndiye mwenye filimbi, na asipokuwepo, pinde hukaa mahali palipofungwa.

Hakuna anayetangulia mbele ya mstari kabla ya amri. Hakuna anayelenga juu angani wala kumwelekezea mtu upinde, hata usio na mshale. Kamba isiachiwe bila mshale, kwani upinde huweza kuvunjika. Wakati wa kuchomoa mishale watu hutembea, hawakimbii. Anayechomoa husimama ubavuni mwa shabaha, na asiwepo mtu nyuma ya mkia wa mshale.

Jicho linaloongoza

Kabla ya somo la kwanza, tafuta jicho linaloongoza. Mtoto anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja na kuacha tundu dogo katikati. Kwa macho yote mawili atazame ndani ya tundu hilo kitu kilicho mbali, kwa mfano tunda mtini. Kisha ufunike jicho moja, halafu jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, upinde ushikwe kwa mkono wa kushoto na kamba ivutwe kwa wa kulia.

Zoezi hili huweza kufichua jambo zito. Nilipomfanyia binti yangu, akiwa na miaka mitano, nilipofunika jicho la kulia alisukuma mkono wangu na kusema, "Baba, umezima taa." Mimi, daktari wa macho, sikuwa nimegundua kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa vivu. Tulimpa miwani, tukawa tunaliziba jicho zuri kwa saa chache kila siku, na uoni ukaimarika kwa kuwa tulianza mapema. Mtoto wako akilalamika namna hiyo, mpeleke kupimwa bila kungoja aanze shule.

Ajali ikitokea

Usichomoe kilichochoma jicho. Usilikamue, usilioshe, usitie dawa yoyote, iwe ya hospitali au ya kienyeji. Lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, kwa mfano kitako cha kikombe safi cha karatasi, kikishikiliwa na mfupa unaolizunguka jicho. Usimpe mtoto chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji upasuaji wa kulazwa usingizi. Mpeleke siku hiyohiyo hospitali yenye huduma ya macho, pamoja na kadi yake ya chanjo ili waangalie kinga ya pepopunda. Jeraha linaloshonwa ndani ya saa 24 lina hatari ndogo zaidi ya kuoza. Usidanganywe na jicho lisilotoa damu nyingi au mtoto aliyenyamaza kulia.

Yule mzee bado humleta mjukuu wake kliniki kila baada ya miezi mitatu ili tulichunguze jicho lililobaki, kwa sababu mara chache jeraha la jicho moja huamsha uvimbe katika lile lisiloumia. Safari iliyopita mtoto alikuja amevaa miwani ya kinga. Babu alinieleza kwamba filimbi sasa anayo yeye, ameifunga kwa uzi shingoni, na kwamba binamu wote wanne husubiri mlio wake.