Vazi la Kuazima: Ngao na Masanduku ya Pikipiki Moja Juu ya Nyingine

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walisema kweli. Nguo hiyo haikukatwa kwa kipimo cha anayeivaa. Mabega yake ni ya mwingine na urefu wake ni wa mwingine. Pikipiki nazo zina mavazi yao, na wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya vazi moja kubwa: lile gamba pana la mbele linalomkinga mpandaji na upepo na mvua, pamoja na masanduku mawili ya pembeni yanayobeba mizigo ya safari. Gamba hilo sisi tutaliita ngao.

Kilichotuleta hapa ni swali. Mama mmoja, msomaji wetu, ana mwana aishiye Ujerumani. Kijana huyo ana pikipiki ya BMW R75/6 ya miaka ya 1970, na amepata ngao na masanduku ya R100RT ambayo injini yake imekwisha. Ataka kuyahamishia kwenye yake, kisha ampakie mkewe waende safari ya siku kadhaa. Mama auliza: kazi hii yawezekana? Na mkwe wangu akikaa nyuma, atakuwa salama? Swali la pili ndilo zito. Aliyeshika usukani huchagua mwendo na njia, na aliye nyuma yake hana ila kuamini. Aghalabu aliye nyuma ni mke, dada au mtoto, kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao.

Kwanza tuzijue pikipiki zenyewe. Mwaka 1969 BMW ilianza kuunda ukoo mpya wa pikipiki huko Spandau, mjini Berlin. Injini zake ni za silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, zikipozwa kwa upepo, na nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. R75/6 ilitoka mwaka 1973, ikiwa na injini yenye nguvu za farasi 50. Haikuwa na ngao yoyote. Mpandaji alikabili upepo kwa kifua chake. Mwaka 1976 ikaja R100RS, aliyoisanifu Hans Muth, na ngao yake ilijaribiwa katika handaki la upepo la Pininfarina, Italia. Mwaka 1978 ikafuata R100RT, yenye sisi 980 na farasi 70. Ngao yake ni pana na ndefu kuliko ya dada yake, ina kioo kirefu juu, na ndani yake mna visanduku viwili vya kufunga kwa ufunguo. Ilikusudiwa safari ndefu katika baridi na mvua za Ulaya.

Pikipiki hizi mbili ni za ukoo mmoja, na fremu zao zafanana sana. Kwa sababu hiyo jawabu la swali la kwanza ni ndiyo, kazi yawezekana, na wengi wameifanya. Lakini udugu si umoja. Ndugu wawili huweza kuvaa kanzu moja, na bado mmoja ikamburura chini.

Hapa pana kanuni tunayoomba kila msomaji aishike. Fundi cherehani akipewa nguo isiyomkaa mtu, hupunguza nguo. Hapunguzi mabega ya mvaaji. Vivyo hivyo kwa pikipiki. Kinachostahiki kurekebishwa ni vishikio vya chuma, skrubu na mipira inayoishika ngao. Fremu isikatwe, isitobolewe wala isichomelewe. Fremu ndiyo mifupa, na mfupa uliochomwa moto pasipo ujuzi huficha udhaifu wake mpaka siku ya mzigo. Huku kwetu pwani twaona bodaboda nyingi zilizochomelewa vyuma vya mizigo kando ya barabara, na kanuni ni ile ile.

Ngao ya RT haishikwi na usukani. Hufungwa kwenye fremu. Jambo hilo ni la hekima kubwa. Kioo kinachofungwa juu ya usukani hugeuka nao, na kila upepo unaokisukuma huusukuma usukani pia. Ngao iliyokaa kwenye fremu huuacha usukani huru. Basi anunuaye ngao hii pasipo vishikio vyake amenunua kanzu isiyo na mikono. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Craig Vetter wa Rantoul, Illinois, aliuza ngao iitwayo Windjammer, iliyofungwa kwenye pikipiki za aina nyingi kwa vishikio vilivyoundiwa kila aina. Ile ilikuwa nguo iliyokatwa kwa kutarajia wavaaji wengi. Ya RT ilikatwa kwa mmoja, nayo yadai subira zaidi.

Kazi ianze kwa kupanga bila kukaza. Watu wawili waishike ngao mahali pake, skrubu zitiwe kwa vidole tu, kisha usukani ugeuzwe polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ngumi ya mpandaji ipite pasipo kubanwa, na usiwepo waya unaovutika. R75/6 ina siri yake hapa. Pampu ya mafuta ya breki ya mbele haipo kwenye usukani. Imefichwa chini ya tangi la petroli, na mkono wa breki huivuta kwa waya. Usukani ukibadilishwa ili uenee ndani ya ngao, waya huo huenda ukawa mfupi, na kugeuka tu kukaishika breki. Waya wa mafuta ya injini nao ukivutika, pikipiki hukimbia wakati mpandaji ataka kugeuka polepole. Dawa ni kujaribu: injini ingurume, usukani ugeuzwe pande zote, na sauti isibadilike hata kidogo. Kisha gurudumu la mbele liinuliwe, lizungushwe kwa mkono huku usukani ukigeuzwa, nalo lizunguke huru.

Baada ya hapo ni nyaya. Katika R75/6, ile taa kubwa ya mbele si taa tu. Tumbo lake ndiyo sebule wanamokutana nyaya nyingi. Ngao ya RT ina taa yake yenyewe, kwa hiyo ile ya zamani huondolewa na nyaya hubaki pasipo nyumba. Betri ifunguliwe kwanza. Kila waya ufungiwe kijikaratasi chenye jina lake, mchoro uandikwe, na viungo vipya vihifadhiwe mahali pakavu, mbali na mahali usukani unapoweza kuvisaga. Taa mpya ipimwe kimo chake wakati mzigo umepakiwa, kwani nyuma ikilemewa, mbele huinuka na nuru huenda kuwapofusha wanaokuja.

Ngao yenyewe ni ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Baada ya miaka zaidi ya arobaini hupasuka pembezoni mwa matundu ya skrubu. Kila tundu liwekewe mpira na washa pana, na skrubu isikazwe kupita kiasi, kwani gamba likikosa nafasi ya kupumua huvunjika kwa mtikisiko. Waliomo nyumbani nao wajue neno hili: vumbi la kupiga msasa gamba hilo ni vumbi la kioo. Huwasha ngozi na kudhuru pumzi. Kazi hiyo ifanyiwe nje, fundi afunike pua na mdomo, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za watoto.

Sasa masanduku. Hayashikwi na gamba bali na kitanda cha chuma kinachofungwa nyuma ya fremu. Kitanda kishikwe juu na chini, kiasi kwamba mtu akilitikisa sanduku kwa mikono miwili, pikipiki nzima itikisike na si sanduku peke yake. Paangaliwe kuwa sanduku haligusi bomba la moshi linapopata moto, na kwamba halizibi indiketa kwa anayekuja nyuma. Kisha yule atakayepanda aketi mahali pake, aweke miguu juu ya vikanyagio, na visigino vyake visigonge kitu. Kipimo hiki apimwe yeye mwenyewe. Asipimwe kaka yake kwa niaba yake. Na mavazi yake yaangaliwe. Shafti haina meno ya kuuma nguo kama mnyororo, lakini spoki zinazo. Ncha ya buibui au mtandio ikiingia katika gurudumu huvuta mtu mzima kwa kufumba na kufumbua. Nguo ya nje ifungwe, ikunjwe, na ncha zote ziwe ndani.

Twafika kwenye kiini cha swali la mama. Vazi la R100RT halileti breki za R100RT. Pikipiki iliyotoa ngao ilikuwa na diski mbili za breki mbele. R75/6 kwa kawaida ina moja. Iliyotoa ilikuwa na farasi 70. Iliyopokea ina 50. Atakayeiona barabarani ataiona kubwa, iliyokamilika, na mpandaji mwenyewe huenda akadanganywa na kioo chake, maana nyuma ya ngao upepo hausikiki na mwendo huonekana mdogo kuliko ulivyo. Lakini mwili ni ule ule wa mwanzo. Kwa hiyo uzito wa juu kabisa, upepo wa matairi na ugumu wa springi visomwe katika kitabu cha pikipiki inayopokea. Uzito wa ngao, wa kitanda na wa masanduku yaliyo matupu uhesabiwe kabla ya kutiwa nguo hata moja ndani yake. Kinachobaki ndicho haki ya watu wawili na mizigo yao.

Mzigo ulingane kulia na kushoto, vizito viwe chini na karibu na mpandaji, vyepesi vikae juu na nyuma. Beringi za usukani na za mkono wa nyuma zikaguliwe kabla ya yote, kwani pikipiki yenye ngao pana hupokea upepo wa ubavuni kama tanga, na palipolegea huanza kuyumba. Huko Ujerumani mabadiliko ya namna hii hupelekwa kwa wakaguzi, kama wale wa TÜV, ili yakubaliwe na kuandikwa katika hati. Kijana asilione hilo kuwa usumbufu. Ni jicho la pili lisilo na mapenzi na pikipiki yake.

Majaribio yaende kwa daraja. Kwanza apande peke yake bila mzigo, karibu na nyumbani, kwa mwendo mdogo. Kisha masanduku yajazwe mchanga kwa uzito ule ule wa safari, na breki zijaribiwe mahali patupu. Skrubu zote zikazwe upya baada ya safari hizo fupi, kwani kila kipya hujikalia. Mke awe wa mwisho kupanda, na akipanda awe na haki ya kusema simama, na asimamishiwe papo hapo. Yakitimizwa haya, jawabu letu kwa mama ni kwamba mkwewe aweza kupanda. Likikosekana moja, angoje.

Mwenye kutaka kuiga haya Mombasa azingatie hali ya hewa. Ngao iliyoundwa kuwahifadhi watu wa baridi humzuilia mpandaji wetu ule upepo anaouhitaji, na joto la silinda humkaa miguuni. Hapa kwetu masanduku yanafaa zaidi kuliko ngao.

Na taa ya zamani, usukani wa zamani, vishikio na skrubu zake visitupwe. Vitiwe katika sanduku moja, kila kimoja na jina lake, pamoja na ule mchoro wa nyaya. Kwa kuwa fremu haikutobolewa, mtoto au mjukuu atakayeirithi pikipiki ataweza kuivua vazi hilo kwa spana mbili tatu, na kuikuta chini yake R75/6 nzima, isiyo na kovu.