Mashine ya Boti: Maji ya Kuipoza, Oili ya Kuilainisha

Katika ufukwe wa Kunduchi, boti yenye mashine ya kufungwa nyuma ni chombo cha kazi cha kila siku. Zipo boti zinazobeba wavuvi na nyavu zao, na zipo zinazovusha abiria kwenda Kisiwa cha Mbudya, kilicho miongoni mwa visiwa vya hifadhi ya bahari vya Dar es Salaam. Mwenye boti aghalabu huinunua mashine kwa akiba ya muda mrefu au kwa mkopo, na abiria hulipa nauli akiamini kwamba atafika na kurudi. Mashine inaponoki katikati ya mkondo, hasara si ya fedha pekee. Chombo hubaki kikichukuliwa na maji na upepo, na watu wakiwa ndani yake.

Sehemu kubwa ya madhara hayo huzuilika. Makala haya yanamweleza mlaji namna mashine ya boti inavyopozwa na kulainishwa, mambo ya kuchunguza anaponunua oili, na hatua za kuchukua mashine inapopata joto kupita kiasi.

Mashine huazima maji ya bahari

Gari lina rejeta, na pikipiki nyingi hupozwa na upepo wa mwendo. Mashine nyingi za boti hazina kimojawapo kati ya hivyo. Huazima maji ya bahari yenyewe. Kwenye mguu wa mashine, karibu na pangaboi, pana matundu ya kunyonyea maji. Ndani ya mguu huo mna pampu yenye gurudumu dogo la mpira lenye mapezi. Injini inapozunguka, gurudumu hilo huyasukuma maji kwenda juu, yakapita kuzunguka silinda na kuchukua joto, kisha yakatoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo ya maji hayo hutoka nyuma ya mashine kama mchirizi mwembamba. Mchirizi huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba pampu inafanya kazi.

Hali ya kutegemea njia unayopita ili kupoza injini haipo baharini pekee. Katika nchi za baridi kama Kanada, yapo magari ya kwenda juu ya theluji ambayo injini zake hupozwa kwa msaada wa theluji laini inayorushwa na mkanda wa gari. Njia ikishindiliwa hadi kuwa ngumu, theluji hairuki tena, na injini hupata joto ingawa baridi ni kali. Vivyo hivyo, mashine ya boti yaweza kuungua ilhali imezungukwa na bahari, endapo maji hayaifikii pampu.

Hatari ya maji kupwa

Katika pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3 wakati wa bamvua. Maji yakitoka, mahali ambapo boti ilielea asubuhi hugeuka kuwa mchanga na tope. Nahodha akilazimisha kupita hapo kwa mashine, pampu hunyonya mchanga pamoja na maji. Mchanga hula mapezi ya mpira na kuta za pampu, na tope huziba njia za maji. Madhara hayo hayaonekani siku hiyo. Hujitokeza baadaye, wakati boti iko mbali na pwani na mashine inazungushwa kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo inashauriwa:

1. Panga safari kwa kufuata maji. Panapokuwa na kina kidogo, inua mguu wa mashine na utumie upondo au kasia hadi ufike kwenye kina cha kutosha.
2. Usiwashe mashine ikiwa nje ya maji, hata kwa muda mfupi wa kujaribu. Mapezi ya mpira hulainishwa na maji. Yakizunguka makavu huungua upesi.
3. Kila unapowasha, tazama mchirizi kabla ya kuondoka. Ukiwa dhaifu kuliko kawaida au usipotoka kabisa, zima mashine na utafute sababu.
4. Mwombe fundi alikague gurudumu la pampu kwa vipindi vilivyotajwa kwenye kitabu cha mashine, na mapema zaidi ikiwa unafanya kazi kwenye mchanga. Mpira uliokakamaa au kupasuka hubadilishwa, hauungwi kwa gundi.

Chumvi nayo huziba. Maji ya bahari yanapobaki ndani ya mashine yenye joto, hukauka na kuacha chumvi kwenye njia nyembamba. Baada ya kazi, isafishe mashine kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Pasipo bomba, pipa latosha: tumbukiza mguu wa mashine hadi maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea, hakikisha pangaboi haligusi pipa na gia haijaingizwa, kisha washa kwa mwendo mdogo kwa muda wa dakika 10 hivi.

Oili sahihi, kwa kipimo sahihi

Maji na oili hutegemeana. Oili huweka utando mwembamba kati ya pistoni na silinda ili chuma kisisuguane na chuma. Joto likizidi, utando huo huwa mwepesi mno na kukatika. Na oili ikiwa pungufu, msuguano huongeza joto. Kuongeza oili hakuwezi kufidia upungufu wa maji, wala maji mengi hayawezi kufidia oili mbovu.

Zipo mashine za aina mbili. Mashine ya mipigo minne huhifadhi oili yake chini ya injini, na kiwango chake hupimwa kwa kijiti huku mashine ikiwa imesimama wima. Mashine ya mipigo miwili haina hifadhi hiyo. Oili yake huchanganywa na petroli, au huingizwa na pampu kutoka kwenye tangi dogo, na huungua pamoja na petroli hiyo. Kila mchanganyiko ni dozi mpya. Aliyekosea kipimo leo, mashine hulainishwa vibaya leo hii hii.

Kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Kwa dumu la lita 20 za petroli, hesabu ni hizi:

Uwiano wa 100 kwa 1: mililita 200 za oili.
Uwiano wa 50 kwa 1: mililita 400 za oili.
Uwiano wa 25 kwa 1, ambao mara nyingi hutumika kuizoesha mashine mpya: mililita 800 za oili.

Tumia chombo chenye alama za vipimo. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa au kwa rangi ya petroli. Oili pungufu hukwamisha pistoni. Oili iliyozidi huchafua plagi, hutoa moshi mwingi na kuacha masizi ndani ya injini.

Aina ya oili ina uzito uleule. Oili ya mipigo miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki au msumeno wa injini imekusudiwa injini zinazopozwa na upepo. Mashine ya boti hupozwa na maji na hufanya kazi katika joto tofauti, hivyo huhitaji oili isiyoacha majivu. Oili ya namna hiyo hubeba alama ya TC-W3. Kwa mashine za mipigo minne za baharini, alama inayolingana ni FC-W. Soma kitabu cha mashine kwanza, kisha tafuta alama kwenye kopo.

Usisahau oili ya gia iliyo ndani ya mguu wa mashine. Ikitoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mashine isitumike hadi fundi abadilishe sili. Anayenunua mashine ya mtumba aombe kuiona oili hiyo kabla ya kulipa, na aombe mashine iwashwe ndani ya pipa la maji ili auone mchirizi.

Unaponunua

Kopo lenye jina maarufu si dhamana ikiwa kilichomo ni oili nyingine. Kabla ya kulipa, hakikisha kuwa kizibo na utepe wake havijafunguliwa, maandishi yanasomeka bila makosa, na namba ya toleo ipo. Kataa oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni sababu ya kuuliza maswali. Petroli nayo inunuliwe kituoni. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga na kupata joto.

Mweleze muuzaji, kwa maneno ya wazi, kwamba unataka oili ya mashine ya boti, na utaje aina ya mashine. Jambo hilo lina faida ya kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi aliyokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa yapaswa kwa kawaida kuyafaa matumizi hayo. Dai risiti ya EFD, na ulihifadhi kopo pamoja na oili iliyobaki. Bila vitu hivyo, malalamiko yako yatakosa ushahidi.

Bidhaa bandia zitolewe taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC), na bidhaa zilizo chini ya kiwango kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Shughuli za mafuta na vilainishi husimamiwa na EWURA, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC.

Mashine ikipata joto baharini

King'ora kikilia, mchirizi ukikoma au nguvu ikipungua ghafla, punguza mwendo mara moja, kisha zima. Tia nanga kabla ya kufanya lolote, ili mkondo usikupeleke. Waagize abiria wavae majaketi ya kuokolea na wakae. Inua mguu wa mashine, uondoe plastiki, nyavu au mwani uliofunika matundu. Iwapo tundu la mchirizi limeziba, lizibue kwa waya mwembamba. Usimwagie maji injini yenye joto kali, kwa kuwa chuma chaweza kupasuka. Subiri ipoe, uwashe kwa mwendo mdogo na uutazame mchirizi. Usiporudi, usiendelee na safari kwa mashine hiyo: tumia kasia au tanga, au omba kuvutwa.

Abiria naye ana nafasi yake. Kabla boti haijaondoka ufukweni, ana haki ya kuuliza kama jaketi lake lipo na kama kasia na nanga vimo chomboni. Mashine ikishawashwa, anaweza kuutazama mchirizi wa maji mwenyewe. Usipotoka, aseme mapema, boti ikiwa bado karibu na nchi kavu.