Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Mwenye duka la kuchapa na kudurufu pale Mugumu, ambaye kompyuta yake imekuwa nzito, huenda akashauriwa aongeze kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM. Tatizo huanzia dukani, kwa kuwa vipande vya RAM hufanana machoni lakini havibadilishani. Kipande kisichofaa kikinunuliwa Tarime mjini au Sirari, hasara si bei yake tu, bali pia nauli ya kurudi na siku za kazi zilizopotea.

Kwanza ni kizazi. DDR3 haiingii mahali pa DDR4: mkato ulio ukingoni mwa kipande umewekwa pengine, na anayelazimisha huharibu ubao mama. Kwa kompyuta za mezani, DDR3 ina pini 240 na DDR4 pini 288. Vipande vya kompyuta mpakato ni vifupi zaidi, vyenye pini 204 na 260.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kipande kinachoingia vizuri lakini kompyuta isiwake. Vipande vingi vilivyotolewa kwenye seva hukaa sawasawa katika mashine ya mezani ya kizazi hichohicho, ilhali kompyuta ya kawaida haivipokei. Bei nafuu isikushawishi, soma lebo. Katika maandishi kama PC3-12800R, herufi R huashiria seva, U kompyuta ya mezani, na S kompyuta mpakato. PC3L humaanisha volti 1.35 badala ya 1.5, na zipo kompyuta mpakato zisizokubali nyingine.

Aidha, Windows ya biti 32 kwenye kompyuta ya kawaida haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiweka 8.

Mtajie muuzaji modeli ya kompyuta yako, na umwombe aiandike kwenye risiti. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea utaalamu wa muuzaji anastahili bidhaa inayofaa matumizi hayo. Bila maandishi, ni vigumu kuthibitisha kilichosemwa.

Anayevuka mpaka kwenda Isebania ajue kuwa duka la huko liko chini ya sheria za Kenya, nasi hatuna mamlaka juu yake. Huyo abebe kompyuta yenyewe, kipande kijaribiwe palepale, na alipe baada ya kuona kiasi cha kumbukumbu kimeongezeka kwenye kioo.