Hali na Rejeo: Kumbukumbu Isiyochora Ukurasa Upya

Makala haya yanakusudia kueleza aina mbili za kumbukumbu katika React, maktaba ya programu iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, ambayo hutumiwa kuundia kurasa za intaneti kwa vijenzi, yaani vipande vidogo vyenye kujitegemea. Jambo hili latuhusu sisi walimu wa lugha, kwani baadhi yetu huwaundia wanafunzi mazoezi ya namna hiyo, na kosa dogo laweza kuwapotosha.

Tuchukue mfano wa zoezi la ngeli. Alama huonekana juu ya ukurasa, na saa iliyofichika hulifunga zoezi baada ya dakika mbili. Kijenzi ni fungu la maagizo lifuatwalo tena tangu mwanzo kila kinapochorwa. Kwa hiyo kigeu cha kawaida kilichomo hakidumu. Huanza upya kila mara.

Njia ya kwanza ya kukidumisha kitu ni hali, ipatikanayo kwa useState. Hali ibadilikapo, React hukichora kijenzi upya. Alama zafaa kuwekwa humo, maana sharti zionekane. Lakini namba ambayo kivinjari hutoa saa inapoanzishwa, na ambayo huhitajika kuisimamisha mwanafunzi amalizapo mapema, haionyeshwi popote. Kuiweka katika hali ni kuchora ukurasa bure.

Njia ya pili ni rejeo, lipatikanalo kwa useRef, agizo lililoingizwa katika toleo la 16.8 mwaka 2019. Rejeo ni mfano wa kasha lenye sehemu moja iitwayo current. Kasha hilo ni lile lile katika kila mchoro, ila kilichomo chaweza kubadilishwa pasipo React kuarifiwa. Namba ya saa mahali pake ni humo.

Ukimya huo una hatari yake. Alama zikiwekwa katika rejeo, zitaongezeka ndani kwa ndani ilhali mwanafunzi aliyejibu sawasawa angali akiona sifuri, mpaka jambo jingine lisababishe mchoro mpya. Ndiyo sababu haifai kusoma wala kubadili rejeo wakati wa kuchora, isipokuwa kulipa thamani ya kwanza. Litumiwe katika maagizo yajibuyo matukio, kama vile kubonyezwa kwa kitufe.

Hivyo basi, kabla ya kuhifadhi chochote, mwandishi wa zoezi na ajiulize: je, mwanafunzi atakiona? Kionekanacho kiwekwe katika hali; kisichoonekana, lakini chapaswa kudumu, kiwekwe katika rejeo.