Fuso moja, kazi tatu: hesabu inayowachenga wafanyabiashara wa Bwera

Chukulia mfanyabiashara wa Bwera mwenye Fuso moja, dereva mmoja na makuli wawili. Amepata kazi ya kupeleka mboga na nyama Mweya, kwenye ile rasi iliyo kati ya Ziwa Edward na mfereji wa Kazinga, ambako watalii hulala. Anabeba pia chumvi ya Katwe hadi Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha. Kahawa ikiiva, hushusha magunia Kasese.

Kila kazi ina daftari lake, na kila daftari ukilisoma peke yake linapendeza. Alhamisi asubuhi mboga ziko njiani kwenda Mweya. Alhamisi hiyo hiyo chumvi iko forodhani Mpondwe. Ukitafuta kosa ndani ya daftari lolote hulioni, maana Fuso ile ile imeandikwa mara mbili katika vitabu viwili visivyojuana.

Siku ikifika, gari linakwama kwenye foleni ya mpakani. Njia ya Mweya inapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kwa lango la Kabatoro, na huko si pa kufika usiku na kubisha hodi. Mboga zinanyauka. Mpishi wa hoteli hangoji mara ya pili. Anatafuta mtu mwingine, na mteja aliyepatikana kwa miezi sita anapotea kwa siku moja.

Wanaosimamia ujenzi mkubwa waliliona tatizo hili zamani. Katika programu kama Microsoft Project hutengenezwa faili moja lisilo na kazi hata moja ndani yake, ila orodha ya watu na mashine tu. Faili za miradi mingine huunganishwa na orodha hiyo na kuazima humo. Dereva akishapangiwa chumvi, anayepanga mboga anaona kwamba saa zake zimekwisha. Akilazimishwa kufanya saa 16 kwa siku wakati uwezo wake ni 8, jina lake linageuka jekundu. Kila mradi huwa na namba ya kipaumbele kati ya 0 na 1000. Usipogusa kitu, yote inakaa kwenye 500. Ukiiambia programu isawazishe mzigo, kazi yenye namba ndogo ndiyo inayosogezwa mbele. Yenye 1000 haiguswi.

Lakini namba hiyo huandikwa na mtu, na hapo ndipo penye ugumu. Barabara inayoanzia mpakani hapa inaonyesha hivyo. Tarehe 16 Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua Mpondwe mradi wa kilomita 223 upande wa Kongo: Kasindi hadi Beni kilomita 80, Beni hadi Butembo 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru 89. Ni barabara tatu chini ya mpango mmoja. Novemba mwaka huo jeshi la Uganda, UPDF, liliingia Kongo kupambana na waasi wa ADF, na jeshi hilo hilo likatakiwa kulinda wajenzi na mitambo yao. Kikosi kinachotakiwa msituni hakiwezi kuwa kinasimama kando ya greda. Kisha Juni 2022 Bunagana ikaangukia mikononi mwa M23. Hakuna programu ambayo ingezuia hayo. Orodha ya pamoja ingeweza tu kuonyesha mapema ni kazi ipi itabaki bila ulinzi, na kumlazimisha mkubwa aseme ipi itangoja.

Mwenye Fuso hahitaji kununua programu. Jedwali moja kwenye simu, ambalo dereva na karani wote wanalifungua, linatosha: siku zikiwa mistari, na gari, dereva na makuli wakiwa safu. Kinachoandikwa ni kila kitu kinachokula saa za gari, si safari peke yake. Foleni ya forodha iandikwe, na siku ya fundi pia. Wengi huacha kuandika muda wa gari kurudi tupu, halafu wanashangaa.

Aandike mtu mmoja, wengine wasome. Hata kwenye Microsoft Project, aliyefungua orodha ili aibadilishe huwafungia wengine nafasi hiyo mpaka amalize, na si bure. Adui mkubwa wa jedwali la Bwera ni mzigo wa njiani: dereva anapewa magunia manane ya maharagwe Kikorongo, anaweka nauli mfukoni, na saa mbili zinatoweka bila kuandikwa popote.

Wafanyabiashara wawili wa pande mbili za mto wakikodi lori moja kwa pamoja, waelewane kwanza kuhusu saa. Kasindi iko nyuma ya Bwera kwa saa moja. Makuli walioambiwa wafike saa mbili asubuhi, bila kuambiwa ni saa mbili ya wapi, watalikuta lori limeshasubiri saa nzima na dereva ameshaanza kupiga simu.